Aliyehesabu Wasiokuwepo

Siku za mahafali pale mahakamani, watu wote walipiga makofi isipokuwa Mtathmini. Hakimu alishuka kwenye kiti chake akamkumbatia mhitimu, mama wa mhitimu akalia, mwendesha mashtaka aliyetaka kumfunga mtu huyohuyo mwaka uliopita akala keki naye, na Mtathmini akabaki safu ya nyuma kabisa na penseli yake, akiandika. Nilipokuwa mgeni kazini nilidhani anatayarisha hotuba. Nikachungulia. Kumbe alikuwa anaandika majina ya watu walioanza pamoja na wale wahitimu, na ambao siku hiyo hawakuwepo.

"Hawa wanane nimewaona," aliniambia tulipotoka, akiwaonyesha kwa kidevu wahitimu waliokuwa wakipigwa picha. "Sasa niambie, madam, wale wengine wako wapi?"

Hilo ndilo swali alilolipwa kuliuliza. Kaunti ilikuwa na mahakama ya tiba. Mtu aliyekamatwa na dawa za kulevya, au aliyeiba ili azinunue, mradi hakumdhuru mtu, aliweza kupewa matibabu badala ya kifungo. Alifika mbele ya hakimu kila baada ya wiki mbili, akapimwa mkojo, akahudhuria vikao vya ushauri, na akimaliza mwaka na ushee bila kuanguka, kesi yake ilifutwa. Kila aliyehusika aliapa kwamba mpango huo unaokoa maisha. Mtathmini aliajiriwa kuangalia kama ni kweli. Mimi nilikuwa msaidizi wake, mwenye kupiga simu na kuingiza majibu kwenye kompyuta. Nilikaa naye miaka saba katika ofisi yenye dirisha moja, Saint Paul, Marekani, na mpaka leo siwezi kukuambia kama nilimpenda.

Alikuwa Mkenya, na kabla ya kuja huku alifundisha hesabu shule ya sekondari. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikumchimba.

Aliandika kila kitu kwa penseli. Kalamu ya wino, alisema, ni ya mtu aliyekwisha thibitisha. Penseli yake aliichonga kwa kisu kidogo, maranda yakaanguka kwenye sahani ileile aliyolia chakula cha mchana, na chakula chenyewe kilikuwa githeri, mahindi na maharage ya kwao, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikimletea wali wa nazi alikula mpaka akaramba kijiko, kisha kesho yake akarudi na githeri.

Alikuwa na kipaji cha kuwapata watu waliopotea. Kazi yetu ilitaka tumfuate kila mtu kwa miaka, awe amemaliza, amefukuzwa au amefungwa, na watu wa namna hiyo hawakai na namba moja ya simu. Yeye aliwapigia vinyozi wao. Aliwapigia mashangazi. Alikwenda kwenye foleni ya supu akasimama na bakuli kama mwenye njaa. Mtu akipatikana, Mtathmini alimwita "bwana" au "bibi," hata kama anaishi chini ya daraja. Siku moja kijana mmoja alimtukana kwenye simu matusi ya nguoni, dakika nzima, mpaka mimi niliyekaa meza ya pili nikaona haya. Mtathmini alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akaandika kwenye fomu: yuko hai, anaongea vizuri.

Jumapili tulisali kanisa moja, Burnsville, katika ukumbi wa kupanga kati ya duka la mazulia na kliniki ya meno. Wengi walikuwa Wakongo, Wakenya kiasi, na sisi Watanzania wawili watatu wa kutia chumvi. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mtu alisimama akaeleza alivyofunga na kuomba, na jinsi makaratasi yake ya ukaazi yalivyotoka. Ukumbi wote ukaitikia. Mtathmini aliniinamia sikioni.

"Na walioomba wakakosa, hao wanashuhudia Jumapili gani?"

Nilimkanyaga mguu. Lakini tangu siku hiyo sijasikia ushuhuda bila kuwaza hilo swali lake, na sijamsamehe kwa kuniharibia raha hiyo.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kujuana. Alikuwa na hadithi nyingi za nyumbani, za kazi zilizokwenda kwa mpwa wa mkubwa na wanafunzi wake hodari waliobaki wakiuza vocha. Akizisimulia, mishipa ya shingo ilimsimama. "Namba haina mjomba," alisema, na alilisema mara nyingi kiasi kwamba mhasibu wa ghorofa yetu, Mmarekani asiyejua neno lingine la Kiswahili, alijua hilo.

Kanisani walimwita Mzee wa Mahakama. Waliamini anakaa bega kwa bega na hakimu. Wakamletea faini za mwendo wa kasi, talaka, kesi za wenye nyumba. Naye akawajibu wote vilevile, akiwa amesimama mlangoni na koti lake.

"Mimi si lawyer. Mimi si judge. Mimi na-count tu."

Nani atamwamini? Mtu wa kwetu hakubali kwamba unaweza kuingia kila siku katika jengo kubwa la serikali usiwe na mkono ndani yake. Walidhani anaringa, na wengine walidhani anangoja kitu kidogo.

Na huyohuyo, aliyekuwa mgumu kumsaidia mtu kwa neno moja, hakuweza kulipita gari lililokwama kwenye theluji. Alikaa Blaine, kaskazini kabisa, na nyuma ya gari lake lilikuwapo koleo na gunia la mchanga tangu Novemba hadi Aprili. Asubuhi nyingine aliingia ofisini saa nne, suruali imelowa hadi magotini.

"Uliuliza kwanza kama ni ndugu yako?" nilimtania.

"Gari imekwama, madam. Hiyo ni mambo ya koleo."

Sasa nieleze kura ya bahasha aliyoianzisha, maana ndiyo kazi yake kubwa na ndiyo iliyomponza.

Kabla yake, mahakimu na mawakili waliwachagua wenyewe watu wa kuingia kwenye tiba. Walichagua wenye kazi, wenye wakili mzuri, wenye mke aliyekuja mahakamani na mtoto kifuani. Hao walimaliza vizuri, na mpango ukasifiwa. Mtathmini akawaambia kwamba mkichukua wenye nguvu mkawapa dawa, kisha wakapona, hamjui kama ni dawa au ni nguvu zao. Na kwa kuwa nafasi zilikuwa chache kuliko waliofuzu, alipendekeza zipigiwe kura. Yeye aandike orodha ya waliofuzu, na kila aliyemo apewe namba na bahasha iliyofungwa. Karani wa mahakama aifungue mbele ya mawakili, ndani iwe imeandikwa anaingia au haingii. Asiyeingia apate adhabu yake ya kawaida. Kisha sisi tuwafuate wote, wa ndani na wa nje, tulinganishe.

Hakimu alipandisha sauti. Alimuuliza kama anataka acheze bahati nasibu na maisha ya watu.

"Tayari unaicheza," Mtathmini alimjibu. "Ila ya kwako inatazama sura."

Nilikuwepo, nimeshika mafaili, na nilitamani sakafu inimeze. Lakini hakimu alikubali. Miezi michache baadaye nilianza kuona kwenye orodha ya walioingia majina ambayo hayakuwahi kuingia: Wahindi Wekundu wa mtaa wa karibu na ofisi, vijana weusi wenye wakili wa kupewa bure, hata watoto wa wakimbizi kutoka fleti zetu. Nilijisikia fahari, nasema kweli.

Mama Justin alikuwa Mkongo wa Uvira, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Alihudumia wazee katika nyumba moja ya kulea, Apple Valley. Justin ndiye mwanawe wa pekee. Alifika huku na miaka kumi, akasoma, akaajiriwa ghala la mizigo, akaumia mgongo. Daktari alimpa vidonge, na daktari alipoacha kumpa, kijana akavitafuta barabarani, na vilipokuwa ghali akaenda kwenye heroini. Mama alituambia kanisani kwamba mtoto ana mgongo. Sote tulijua si mgongo, na sote tulimuuliza habari za mgongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tulimsaidia kuficha na tukaita adabu. Mwishowe Justin alivunja gereji ya mtu, akaiba mashine za kukatia mbao ili auze, akakamatwa na dawa mfukoni.

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Justin alimfuata Mtathmini penye maegesho. Alikuwa na sahani ya sombe, yaani kisamvu, na samaki, imefunikwa kwa kitambaa. Watu walikuwa bado wanaagana, na wakapunguza sauti ili wasikie.

"Papa, mie sina mutu mwingine. Weye uko pale kwa tribunal, munajuana na juge. Jina ya mutoto wangu, uiweke kwa ile dossier ya dawa. Gereza itamumaliza."

"Mama, siwezi. Pale kuna kura. Mimi siigusi."

"Basi iguse kidogo tu."

Nilidhani Mtathmini atatabasamu. Badala yake alikasirika, akakaza uso.

"Usiniulize tena hiyo kitu, mama. Please. Mbele ya watu hivi?"

Alikataa na ile sahani. Kwa Mkongo, kukataa chakula alichokubebea ni kumwambia hamjuani. Mama Justin alisimama nayo mikononi mpaka mimi nikaipokea, nikaenda nayo nyumbani, nikaila. Ilikuwa tamu.

Wiki mbili baadaye Justin alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja katika jela ya kaunti. Mtathmini mwenyewe alimpigia mama yake simu, mimi nikisikia. "Mama, jina lake halikutoka," alisema. Jumapili iliyofuata Mama Justin alisimama mbele ya kanisa, akasema kura ni ya Mungu, na akaomba tumsaidie kuipokea. Nilimhurumia. Pembeni ya huruma hiyo nilimwonea fahari bosi wangu, kwamba ameombwa na mtu wake, hadharani, na hakupinda.

Baada ya hapo alianza kitu kilichonishangaza. Kila Jumamosi ya pili alitoka Blaine, akavuka Saint Paul na mji wake pacha hadi Burnsville, kusini, akamchukua Mama Justin, akampeleka jela kumwona mwanawe, akamngoja kwenye gari, akamrudisha. Mwaka mzima. Hakuwahi kuingia ndani naye. Nikasema moyoni, hayo ni mambo ya koleo.

Justin alitoka jela mwanzo wa masika. Wiki ya tatu alikutwa amekufa ndani ya gari, penye maegesho ya maduka, mchana kweupe. Mwili uliokaa mwaka bila dawa ulikuwa umesahau kuihimili, naye akachukua kipimo chake cha zamani. Nilikuwa nikijua kwamba mwili hufanya hivyo, kwa sababu imeandikwa kwenye makaratasi yetu ya utafiti. Tulimzika, na Mtathmini alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mwaka uliofuata tulianza kuandika ripoti ya mwisho. Mtathmini alitaka kila aliyekufa aonekane, wa kundi la ndani na wa kundi la nje, asiachwe hata mmoja. Nilifungua orodha ya nje ili niandike tarehe ya kifo cha Justin. Hakuwemo. Nikafungua ya ndani, nikijua ni upuuzi. Nikatoa faili la karatasi la waliofuzu, lile la penseli. Palikuwa na mstari uliofutwa kwa ufutio, karatasi imechubuka kidogo, na ukiiinamisha kwenye mwanga jina lilisomeka.

"Justin hayumo," nilimwambia.

"Hakufuzu." Hakuinua kichwa.

"Kwa nini hakufuzu? Hakumpiga mtu."

"Madam, tuna deadline."

Nikarudi mezani kwangu. Ningeweza kuleta visingizio vingi hapa. Ukweli ni kwamba nililiogopa jibu, na nikaliacha lilale.

Ripoti ilitoka. Ilisema tiba ya mahakama inasaidia, ila si kama mahakimu walivyojisifu. Kwa watu wepesi, wale waliokuwa wakichaguliwa zamani, ilibadilisha kidogo sana. Iliwasaidia zaidi waliokwisha kukatiwa tamaa, wenye uraibu wa miaka, ambao hakuna hakimu angewachagua kwa macho. Kaunti ikaongeza nafasi na ikaacha kuwabagua hao. Wako watu wanaotembea leo kwa sababu ya karatasi ile, na ingekuwa dhuluma nisiseme.

Alistaafu mwaka huo. Nami nikahamia ofisi nyingine, tukabaki kusalimiana kanisani, kisha macho yake yakaharibika, akanyang'anywa leseni, Burnsville ikawa mbali mno. Miaka ikapita. Jumamosi moja simu ikalia.

"Madam. Uko na gari? Nataka unipeleke kwa Mama Justin."

Nilimkuta Blaine amesimama nje ya mlango, amevaa suti, kofia mkononi. Tulikuwa tumeshapita katikati ya jiji ndipo akasema.

"Ulijua."

"Nilijua kuna kitu."

"Nilimtoa kwa list. Kabla ya kura. Alikuwa amefuzu kila kitu, mimi nikaandika hakufuzu."

Nilimuuliza kwa nini, ingawa nilishaanza kuliona jibu.

"Angeingia, wangesema nimemwingiza mimi. Mama alishaniomba mbele ya kanisa lote. Monday ningekuta watu kwa mlango na majina. Na judge angesema, si nilikuambia? Study yote ingekufa."

"Ungemwambia karani kwamba unamfahamu. Angeshughulikia bahasha hiyo yeye."

"Ningemwambia, ndiyo." Alitazama dirishani, ingawa sidhani aliona kitu. "Ilikuwa kazi ya dakika tano."

"Ulimnyima kwa sababu anakujua," nilisema. "Hiyo nayo ni kujuana."

Hakubisha. Alisema kila siku anapiga hesabu. Nusu ya waliofuzu walikosa kura. Walioingia, wengine walifukuzwa. Waliobaki, wengine walikufa hata hivyo. Ukiyazidisha yote, alisema, nafasi ya yule kijana kuwa hai leo kwa sababu ya tiba ilikuwa ndogo tu.

"Ndogo, lakini ilikuwa yake," nilimwambia. Nilikuwa na hasira hata nikapita njia ya kutokea, ikabidi nizunguke.

Mama Justin alitufungulia akiwa bado na sare ya kazi. Alifurahi. Alimshika Mtathmini mikono yote miwili, akamwita papa, akamwambia amekonda. Mtathmini alikataa kukaa. Alimweleza amesimama, taratibu, tangu siku ya maegesho hadi ufutio, na niligundua kwamba hakuchanganya hata neno moja la Kiingereza. Alipomaliza, Mama Justin alimwomba arudie pale pa bahasha.

"Karatasi ya Justin haikuwa mule ndani?"

"Haikuwemo, mama."

"Hakuna mutu alivuta, akaona hapana?"

"Hakuna. Sikumweka."

"Na kama ungemuweka, angepata?"

"Sijui. Hakuna anayeweza kujua."

Alichukua kitambaa akapangusa meza, ambayo haikuwa na kitu. Aliipangusa kwa muda mrefu. Nilijua kwamba tangu mazishi ameacha kwaya, na kama wengine nilidhani ni huzuni.

"Miaka yote hii," alisema, "nalia kwa Mungu. Namuuliza, batoto ba wengine ulibaona, wangu juu ya nini ukamupita? Nimemukasirikia. Nimeacha kumuimbia. Nimesema hata maneno mubaya." Akaweka kitambaa chini. "Kumbe Mungu hakuulizwa."

Mtathmini alifungua mdomo. Mama Justin aliinua mkono, si kwa ukali, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tukamsikia akipiga magoti, kisha tukasikia sauti yake. Alikuwa anaomba msamaha. Alimwomba Mungu amsamehe kwa kumsingizia, akamtajia mwaka mmoja mmoja, na kila Jumapili aliyokaa kimya. Mtathmini alibaki katikati ya sebule na kofia yake, ameukabili mlango ule, akisubiri sala ile ifike kwenye jina lake. Tulisubiri saa nzima. Ndani aliomba, akaanza kuimba, na hakutoka.